Jinsi ya kusoma ripoti za ajali za ndege ndogo na kupata jambo la kufanya

Ripoti nyingi za ajali za ndege ndogo za injini ya pistoni huishia kwenye sentensi inayofanana na hii: rubani alishindwa kudumisha mwendo wa kutosha, ndege ikastoli, yaani mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba, ikaanguka. Ni kweli, lakini haimsaidii msomaji. Hakuna rubani anayewasha injini akiwa amepanga kuacha mwendo upungue. Kinachofundisha kimo kwenye kurasa zilizotangulia: dakika ishirini kabla, pengine siku mbili kabla, pale ambapo kugeuza mambo kungegharimu kidogo tu, kama kuongeza lita 30 za mafuta au kulala hapo na kuondoka kesho. Kazi yako kama msomaji ni kuipata nukta hiyo, kisha kuigeuza iwe tarakimu au tendo utakalolifanya kwenye ndege unayorusha wewe.

Ripoti ipi, sehemu ipi

Kiambatisho cha 13 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kugawa lawama. Ripoti ya awali hutolewa ndani ya siku 30. Hiyo hueleza tu yaliyoonekana, na mara nyingi haigusi chanzo, kwa hiyo usijenge juu yake nadharia yoyote. Ripoti ya mwisho hulengwa kutoka ndani ya miezi 12, ingawa nyingi huchelewa.

Mashirika ya uchunguzi wa ajali, yaani NTSB ya Marekani, AAIB ya Uingereza, BEA ya Ufaransa, ATSB ya Australia na TSB ya Kanada, huziweka ripoti zao mtandaoni bure. Ripoti ya NTSB kuhusu ajali ya ndege ndogo huweza kuwa kurasa chache tu, lakini nyuma yake kuna jalada la uchunguzi lenye maelezo ya mashahidi, picha za mabaki, ukaguzi wa injini na takwimu za hali ya hewa. Fungua jalada hilo, kwani ndimo utakamokuta kauli ya fundi aliyezungumza na rubani kabla ya safari. Kwa AAIB, angalia kwanza kama wachunguzi walifika eneo la ajali au ripoti imetegemea fomu aliyojaza rubani mwenyewe. Zote mbili zina faida, ila ya pili inakupa alichokumbuka rubani na alichochagua kukieleza.

Tafuta kwa aina ya ndege yako, kisha tafuta tena kwa aina ya injini. Lycoming O-320, kwa mfano, imefungwa kwenye Cessna na Piper za miundo tofauti, na tatizo la magneto, inayotoa cheche za injini, au la kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, halijali jina lililoandikwa kwenye mkia.

Soma nusu, kisha ufunike

Anza na taarifa za ndege, rubani, mzigo, njia na hali ya hewa. Kwa rubani, saa zote alizowahi kuruka si kitu kikubwa. Tazama saa zake kwenye aina ile ya ndege, saa za siku 90 zilizopita, na kama ilikuwa usiku, saa zake za usiku. Kisha soma maelezo ya safari hadi pale mambo yanapokaribia kuharibika. Simama hapo. Funika sehemu iliyobaki, chukua kalamu, na uandike ungefanya nini na kwa sababu gani.

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ukishaujua mwisho, kila dalili inaonekana dhahiri na unamwona rubani kama mtu mzembe. Ukiandika kabla ya kuujua, mara nyingi utagundua kwamba nawe ungeendelea na safari. Hapo ndipo somo linapoanza.

Ukimaliza kusoma, rudi kinyumenyume. Weka alama kila mahali palipokuwa na njia nyingine, na kando yake uandike njia hiyo ingegharimu nini. Kisha chagua ile ya bei nafuu kuliko zote.

Chukua ajali ya mwimbaji John Denver, Oktoba 12, 1997, kwenye Ghuba ya Monterey, California. Ndege yake ilikuwa Long-EZ iliyojengwa na mtu binafsi. Koki ya kuchagua tangi, ambayo kwenye mchoro wa mbunifu ilipaswa kuwa mbele ya rubani, ilikuwa imewekwa nyuma ya bega lake la kushoto. Ili kuifikia, ilibidi ajipinde kiti kizima, na wachunguzi waliona kwamba mtu akijipinda hivyo huelekea kukanyaga pedali ya kulia ya usukani wa mkia bila kukusudia. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma, havina alama za kueleweka. Kabla ya kuruka, fundi na rubani walihangaika na mkono wa koki ile, wakajaribu hata kuurefusha kwa koleo, isifae. Rubani alikataa kuongezewa mafuta kwa kuwa angekaa hewani muda mfupi.

Ukirudi kinyumenyume utakuta nukta kadhaa: kujenga, kununua, kuizoea ndege kwa safari fupi mno, kisha ile dakika aliyoulizwa kuhusu mafuta. Nafuu kuliko zote ni hiyo ya mwisho, maana mafuta yakitosha kwenye tangi linalotumika, koki haiguswi hewani. Tendo la kwenda nalo kwenye ndege yako ni hili: keti ardhini, injini imezimwa, mkanda umefungwa, fumba macho, kisha badilisha tangi. Kama mguu au mkono wako mwingine umesogeza chochote, au hukujua koki imeelekea wapi, bado hujawa tayari kuirusha ndege hiyo peke yako.

Kuna tahadhari moja kuhusu hesabu. Ripoti zinahesabu waliopata ajali tu. Waliofanya kosa lilelile wakafika salama hawamo. Ukiona ajali nyingi za marubani wenye saa 100 hadi 300, hiyo haithibitishi kwamba hao ndio wabaya zaidi, mpaka ujue wanaruka saa ngapi kwa jumla.

Wachunguzi wanasoma nini kwenye vyuma

Ukijua lugha ya mabaki utaweza kupima uzito wa hitimisho. Propela iliyopinda kama herufi S, yenye mikwaruzo inayokata upana wa pangaboi, huonyesha kwamba injini ilikuwa ikitoa nguvu ilipogonga. Bawa moja la propela likikunjika kuelekea nyuma na jingine likabaki limenyooka, nguvu ilikuwa ndogo au haikuwepo. Waya mwembamba ulio ndani ya balbu ya taa ya onyo ukikutwa umevutika, taa ilikuwa inawaka, kwa sababu waya wenye moto hulegea kwa kishindo na ule baridi hukatika. Majani yaliyokauka kuzunguka mabaki hueleza kwamba mafuta yalimwagika, kwa hiyo tangi halikuwa tupu.

Ripoti ikisema injini ilipoteza nguvu kwa sababu zisizojulikana, usiiache hapo. Tafuta kwenye ukurasa wa hali ya hewa kiwango cha joto na kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Barafu ya kabureta huyeyuka kabla mchunguzi hajafika, na mara nyingi kilichobaki kuisimulia ni tarakimu hizo mbili.

Mafuta: panapostahili muda wako mwingi

Tenganisha mambo mawili ambayo ripoti huyatenganisha. La kwanza, mafuta yameisha kabisa. La pili, mafuta yapo ila hayafiki kwenye injini: koki iko kwenye tangi tupu, kuna maji, tundu la kupumulia tangi limeziba. La kwanza linazuiwa kwa hesabu, la pili kwa mkono na macho.

Kwa hesabu, usitegemee kipimo cha kwenye dashibodi wala tarakimu ya kitabu cha ndege. Jaza hadi ukingoni, ruka safari ya kawaida, jaza tena hadi ukingoni palepale, ugawanye lita kwa saa. Rudia mara tatu kwenye siku tofauti na uchukue jibu kubwa kuliko yote, si wastani. Matumizi hupanda sana kama hukupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta unaoingia kwenye injini ulipofika kimo cha safari, na tarakimu za kitabuni mara nyingi huchukulia kwamba umefanya hivyo. Kabla ya kuondoka, pima kwa kijiti kilichotengenezwa kwa ajili ya ndege hiyohiyo, ikiwa imesimama mahali tambarare.

Tuseme kijiti kinaonyesha lita 150 na kitabu kinasema lita 10 hazitumiki. Zinabaki 140. Ndege inakula lita 35 kwa saa, kwa hiyo una saa nne. Sheria ya Marekani kwa anayeruka kwa kuona inadai akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku. Sisi tunashauri saa nzima, na hatuoni sababu ya kuipunguza. Zinabaki saa tatu. Ukiwasha injini saa tatu asubuhi, andika kwenye karatasi ya mapajani: *saa sita kamili, chini*. Ukiandika saa ya kutua badala ya lita, upepo wa mbele haukudanganyi tena. Angalia pia vipimo: galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na kuzichanganya kumewahi kumaliza safari mapema.

Kwa mkono na macho, toa sampuli kwenye kila tundu la chini kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza. Maji hukaa chini ya mafuta na unaona mstari kati yake. Hatari ni pale chupa nzima inapokuwa maji: hakuna mstari, na kwa mtazamo wa haraka inaonekana safi. Kwa hiyo tazama rangi. 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya buluu. Ukishuku kwamba umewekewa mafuta ya jeti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli ya ndege hukauka na kutoweka. Mafuta ya jeti huacha duara la greasi. Injini ya pistoni iliyochanganyiwa mafuta ya jeti huweza kuwaka vizuri ardhini kwa yale yaliyomo kwenye mabomba, kisha ikafa ikiwa kwenye nguvu kamili, juu kidogo ya miti.

Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe tangi dakika ya mwisho. Mafuta yaliyomo kati ya koki na injini yanatosha kuwasha, kutembea hadi njia ya kurukia na kuinuka kidogo. Chagua tangi utakaloondokea mapema, kisha pima injini ikitumia tangi hilo.

Injini ikizima baada ya kuinuka

Kwenye ripoti za aina hii tafuta pembe ya kona, si kuzima kwa injini. Wengi waliotua moja kwa moja mbele yao, hata shambani, waliishi kusimulia. Waliojaribu kurudi uwanjani wakiwa chini mno walistoli kwenye kona. Sababu ni hesabu: kwenye kona ya usawa iliyolazwa nyuzi 45, mwendo wa kustoli hupanda kwa asilimia 19, kwa nyuzi 60 hupanda kwa asilimia 41. Ndege inayostoli kwenye noti 50 (maili za baharini kwa saa) ikiwa imenyooka itastoli kwenye karibu noti 71 ukiilaza nyuzi 60. Na kurudi si kugeuka nyuzi 180 tu. Utavuka mstari wa njia ya kurukia, kisha itabidi ugeuke tena kuukamata.

Tafuta tarakimu yako mwenyewe. Panda na mwalimu hadi kimo salama, tuseme futi 4,000 juu ya ardhi, ndege ikiwa na mzigo unaoubeba kawaida. Weka mwendo wa kupanda, punguza nguvu hadi mwisho, kisha usifanye lolote kwa sekunde nne, kwa kuwa ndiyo mshtuko wa kweli unavyokuwa. Shusha pua, geuka ukiwa umeilaza ndege nyuzi 45 hadi umekamilisha kurudi na kunyooka, usome futi ulizopoteza. Ongeza nusu ya tarakimu hiyo. Chini ya kimo hicho, jibu ni mbele yako, ukigeuka kidogo tu kukwepa kikwazo. Kitamke kwa sauti kabla ya kila kuondoka.

Kona ya mwisho ya kutua inaua kwa njia inayofanana. Upepo unakusukuma upite mstari, unakanyaga usukani wa mkia kuiharakisha pua huku ukizuia bawa lisilale, na ndege inastoli bawa moja likitangulia. Ukipita mstari, ongeza nguvu na uzunguke upya. Mzunguko mmoja ni dakika chache.

Kuhusu barafu ya kabureta: hewa inapopita penye shingo nyembamba na mafuta yanapogeuka mvuke, joto ndani linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo barafu hutokea hata siku ya nyuzi 30 yenye unyevu. Kwenye propela isiyobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko kushuka polepole bila wewe kugusa kitu; kwenye inayobadilika ni shinikizo la hewa ya injini. Fungua hewa ya moto yote. Injini itatetemeka na kukohoa barafu inapoyeyuka, na hapo ndipo marubani huogopa wakaifunga tena. Iache wazi.

Uzito, joto na kimo

Aprili 11, 1996, Cessna 177B ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Cheyenne, Wyoming, ikiwa na mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akitangazwa kwamba anaivuka Marekani akiwa rubani, baba yake, na mwalimu aliyekuwa rubani halisi. Watu wote watatu walikufa. Uwanja uko futi 6,156 juu ya bahari. Ndege ilikuwa imezidi uzito kwa pauni 96, karibu kilo 44, kimo cha ndege kwa msongamano wa hewa, yaani kimo ambacho ndege hujiona iko kwa sababu joto limeifanya hewa kuwa nyepesi, kilikuwa futi 6,670, na dhoruba ilikuwa inafika. NTSB ilitaja pia ratiba iliyobana na ahadi kwa vyombo vya habari. Soma sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu ratiba ndiyo iliyofanya kusubiri kwa saa moja kuonekane ghali.

Hesabu ya kimo hicho ni fupi. Joto la kawaida ni nyuzi 15 usawa wa bahari, likipungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Uwanja wa futi 5,500 unatakiwa uwe na nyuzi 4. Kama kipimajoto kinasoma 28, umezidi kwa 24. Zidisha kwa futi 120, unapata 2,880. Ndege yako itajiona iko futi 8,380. Ingia kwenye jedwali la kitabu na tarakimu hiyo, kisha uongeze asilimia 50 kwenye umbali unaoupata, kwani jedwali lilipimwa na ndege mpya na rubani wa majaribio.

Usiku, ukungu na hewa yenye sumu

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwafunika watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo wasione nje wakirusha ndege. Wote walipoteza udhibiti, baada ya wastani wa sekunde 178. Unaposoma ajali ya John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa Marekani aliyekuwa akirusha ndege yake, Julai 16, 1999, karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, utaona kwamba hakuwa ameingia kwenye dhoruba. Ulikuwa usiku wenye utusitusi juu ya bahari, hakuna mstari wa upeo. Weka basi kanuni yako kwa upeo unaoonekana, si kwa maili zilizoandikwa kwenye taarifa ya hali ya hewa: usiku, njia ipite juu ya taa, hata ikiwa ndefu zaidi.

Kwenye ajali iliyomuua mchezaji mpira Emiliano Sala, Januari 21, 2019, AAIB ilikuta kaboni monoksaidi imeshika asilimia 58 ya hemoglobini yake, na ikaona kwamba rubani naye huenda aliathirika. Kwenye ndege nyingi za injini moja, joto la kabini hutoka kwenye koti linalozunguka mafla. Ufa mmoja unatosha. Mwambie fundi alivue koti hilo na kuipima ekzosi kwa presha kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kadi inayobadilika rangi ikigusana na gesi hiyo huchakaa na haipigi kelele. Nunua kitambuzi chenye kengele, kifunge mbele ya macho yako. Kikilia, funga joto, fungua hewa ya nje, tua.

Baada ya gereji

Ripoti za nyaya za usukani zilizofungwa kinyume zipo, na zinarudiarudia. Ndege ikitoka kwa fundi, sogeza usukani kushoto na utazame kwa macho: kibawa cha bawa la kushoto lazima kipande, cha kulia kishuke. Kusogea tu hakutoshi. Safari ya kwanza iwe bila abiria, ukizunguka juu ya uwanja hadi uridhike.

Kadi

Kila ripoti ikupe mstari mmoja kwenye kadi ya mfukoni, na mstari uwe na tarakimu au tendo. "Kuwa makini na mafuta" haufai. "Lita 35 kwa saa, chini saa tatu baada ya kuwasha" unafaa. Mistari ikizidi kumi, ondoa ile ambayo tayari unaifanya bila kufikiri. Andika tarehe kando ya kila kipimo, na ukibadilisha propela, injini au ndege yenyewe, futa tarakimu za mafuta na za kimo cha kurudi, upime upya.